Makala Ndani ya Nyumba

Jumatatu, 9 Februari
Dawa. Uji nusu kikombe. Kuna jambo kuhusu simu aliyonipigia marehemu Furaha nimelificha, na mapafu haya hayatanisubiri. Bahati, mumewe, amekuja moja kwa moja kutoka kiwandani Tonawanda, huku ughaibuni. Amenibadilishia shuka, akanilisha. "Meza, mwalimu. Uji haina sarufi." Huja kila siku. Siwezi kumtazama.

Jumatano, 11 Februari
Theluji tena, kama siku ile jengo la akina Bahati lilipokosa joto. Funguo za kanisa nilikuwa nazo mimi. Nilifungua ukumbi wa chini ya ardhi, nikatandaza magodoro na blanketi. Familia zote za jengo, hata zilizonusurika tetemeko kule Bukavu, zilishuka, isipokuwa Furaha. Katika tetemeko lile ukuta ulimfukia yeye na mama yake. Yeye alitolewa hai, mama hapana. Alisimama juu ya ngazi. "Siwezi ingia mu shimo tena, mzee. Bon, unifungulie kule juu." Juu ni mahali pa ibada. Zulia jipya. Nilikataa. Akarudi kwake peke yake. Bahati alikuwa zamu.

Alhamisi, 12 Februari
Siku ile Furaha alipiga simu mara kadhaa kuomba nifungue juu. Mara ya mwisho aliuliza jambo jingine: "Mzee, niingize makala mu nyumba?" Yalikuwa nje barazani. Nikajibu aingize, yasiloe. Walimkuta kando ya jiko alilowasha apate joto. Moshi ulimmaliza.

Kwa Wakongo makala ni mkaa. Kwetu tuliosomea Tanzania ni maandishi. Msibani nilisema nilidhani anaulizia karatasi zake. Waliniamini, maana nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Bahati ndiye aliyenifariji. "Si kosa yako, mzee. Ni Kiswahili yenu ya vitabu."

Jumamosi, 14 Februari
Homa. Nilimwomba Bahati akae kitako nimwambie neno. Akakaa. Nikaomba maji. Akaniosha hata miguu. Mwoga mimi.

Jumapili, 15 Februari
Theluji imekoma. Nimemwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe mezani, akafunga zipu ya koti, akaondoka taratibu.

Katika kambi ya wakimbizi Kigoma majirani zangu walikuwa Wakongo. Nilinunua makala kwao, nikapikia. Siku ile Furaha alipopiga nilikuwa nimejifunika, nina joto, sikutaka kuamka kwenda kumfungulia. Nilimwelewa.