Uzi Ulioucheka Mbele ya Meneja

Mdogo wangu Bakari, tulionyonya ziwa moja,

Salamu sikuletei. Naandika kwa mkono wangu, darasa la pili tu, na nitaibandika barua hii sokoni hapa Masoko kabla ya kuitia kwenye basi ije kwako. Anayejua kusoma na asome.

Unakumbuka kiwanda cha barafu nilichofanyia kazi, serikali ilipokiuza? Mwekezaji akaleta kompyuta ya kuendesha mitambo, ukaja wewe fundi wake kutoka Dar. Ukanishika mkono: "Kaka, kazi zinazokwenda pamoja humu ndani tunaziita nyuzi. Huu wa valvu, mlango wa bomba, ni wa hima, haungoji mtu. Lakini uzi wenyewe ukiomba jambo upande wa kawaida wa kompyuta, unashuka, unapanga foleni kama wengine." Kioo cha kompyuta ni Kiingereza kitupu, siwezi kukisoma, basi ukanifungia kengele: uzi ukishuka, inalia.

Nikasema, "Kumbe ni mpiga ngoma aliyeacha ngoma akaomba maji!" Ukanikumbatia kwa kicheko. Siku ile nilikupenda kuliko macho yangu. Na pwani yote hii, nani aliilinda kengele kama mimi? Ajitokeze!

Halafu wakaja wageni wa mwekezaji. Ukataka sifa, ukauamuru uzi wa valvu uandike namba kwenye kioo wazione. Kuandika ni kazi ya upande wa kawaida, uzi ukawa unashuka kila mara, kengele haikomi.

"Kaka, zima hiyo, unaniaibisha."

"Sizimi ng'o! Ondoa namba zako."

Ukakata waya wa kengele mwenyewe. Wageni hawajamaliza soda zao, valvu ikachelewa kufunga, bomba la gesi kali ya kugandishia likapasuka. Watu na suti zao wakatoka mbio wameziba pua.

Tulipoitwa kwa meneja, nilisema kweli: uzi ulishuka. Meneja akauliza, "Uzi gani, mzee, wa cherehani?" Wakacheka. Na wewe, uliyenifundisha neno lile, ukacheka nao! Ukasema, "Msameheni, kaka hajasoma, alichezea nyaya." Nikafukuzwa. Mpaka leo Masoko nzima wananiita Fundi Cherehani. Kazi nilishasamehe. Kicheko kile, Bakari, sisamehe.

Sasa sikia. Mwanao Saidi, uliyemwacha hapa na mama yake, ameposa binti huko Mtanda. Wenye binti wakaja kwangu kuulizia ukoo. "Shikamoo mzee. Baba wa kijana ni mtu wa namna gani?" Nikawaeleza yote, sikubakiza. Mkubwa wao akaguna: "Mtoto wa mtu huyo hatumtaki."

Nikamjibu, "Mtoto ni wangu. Mimi ndiye baba yake mkubwa, na mkubwa akiwepo, mdogo wa nini?"

Wakaipokea posa kwa jina langu. Saidi nilimuuliza, "Baba yako tumwite?" Akasema, "Baba mkubwa, baba ni wewe." Sikumlazimisha, Mungu shahidi. Ukiisoma hii, ndoa imeshafungwa, mahali pa baba nimekaa mimi, kanzu mpya, kifua mbele.

Usiandike kuomba radhi, sitafungua. Wajukuu wakizaliwa wakauliza babu yao nani, wataonyeshwa mimi. Na wewe wakikukuta njiani watakupa shikamoo, kama wanavyompa mtu yeyote mzima.

Kaa hukohuko.

Ni mimi kaka yako,
baba wa Saidi.