Madoa Meupe kwenye Kioo cha Sola

Makongeni, Nairobi

Dada yangu Rasoa,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba kioo cha sola ni kifuniko tu, kama kioo cha picha ukutani. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, nawe unayenijua utaona kwamba sijatulia. Haya, hujambo? Miguu ya Mama imepunguza kuvimba? Mimi ni mzima, ila tangu nipate barua yako jana nakaa, nasimama, nachemsha chai na kuisahau.

Unasema taa ya chumba unachozalishia akina mama imefifia, na mwanao Jairo ameona madoa meupe ukingoni mwa sola. Sasa anataka kukata gundi ya nyuma kwa kisu ayasugue kwa majivu, kama tunavyosugua masufuria kwetu. Namwelewa. Mkewe anakaribia kujifungua, naye anataka mwanga. Lakini madoa hayo si uchafu.

Kiwandani, upande wa ndani wa kioo hicho hupakwa tabaka jembamba mno la oksidi ya bati. Iite kutu ya bati, ukipenda; si bati la paa, bali lile la kulehemia nyaya. Darasani nilizoea kusema kutu ni adui. Hii ni rafiki. Inapitisha mwanga kama kioo na umeme kama waya. Silikoni iliyo nyuma yake hugeuza mwanga kuwa umeme, lakini haiwezi kuusafirisha mbali. Tabaka hilo ndilo huupokea na kuufikisha kwenye waya. Unyevu ukipenya ukingoni, tabaka hubanduka, na hayo ndiyo madoa mnayoyaona. Kusugua ni kumalizia kazi ya maji.

Leo asubuhi mteja alikuja Kariobangi, kwenye karakana ninakopima sola tangu nistaafu ualimu.

"Mwalimu, nimeisugua mpaka inang'aa kama sufuria ya harusi!"

"Na taa?"

"Imegoma."

Wambui, fundi mwenye karakana, alikiinua kioo, tukaonana naye vizuri kabisa kupitia pale. "Mzee, hii sasa ni dirisha. Tafuta nyumba uiweke." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nakuwaza wewe.

Sola mpya zinazotufikia zina tabaka jingine, la oksidi ya zinki, kati ya silikoni na chuma cha nyuma. Mwanga uliopita bila kutumika hurudishwa, ukafanye kazi mara ya pili. Jambo la kupendeza! Nikiweza nitakuja nayo Krismasi, ila mjukuu wako hatasubiri Krismasi.

Yenu bado ina uhai katikati. Ishusheni, ikauke vizuri juani, kisha mzungushie ukingo gundi ya mpira niliyofunga pamoja na barua hii. Mkiirudisha juu ya paa iinamisheni, maji ya mvua yasituame kwenye fremu.

Jirani yangu Ebby, anayekuletea barua hii, amesimama mlangoni na mzigo kichwani: "Mwalimu, funga darasa, basi litaniacha!" Nisalimie Mama, mkwe wako, na mzee wa kanisa aliyetupandishia sola hiyo.

Ni mimi kaka yako,
Zebedayo

Rasoa, leo hii, kabla hujamkaribisha Ebby chai, mnyang'anye Jairo kisu.