Mwanangu Anafundisha Waokoaji, na Mfano Wake Ni Mimi

Mwanangu Aneth amekuwa mwalimu wa waokoaji, madaktari wamo humo humo, na wanaandika kila anachosema.

Habari zenu. Leo ni Jumatatu, huku Nkoaranga manyunyu tangu asubuhi, mlima umejifunika, na mimi nina hasira.

Niwaeleze kwanza, maana si kila mtu ana mtoto kama huyu. Aneth ni nesi wa gari la wagonjwa. Basi likipinduka, udongo ukiporomoka, yeye ni wa kwanza kufika. Sasa amesomea kuwatuliza walionusurika na waliofiwa, wanaita huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na amefaulu hadi wamempa awafundishe wenzake. Mama yake ni darasa la saba. Andikeni na hilo.

Ijumaa iliyopita walifunga mafunzo kwenye ukumbi mmoja kule Themi, familia tukaalikwa. Nilishona kitenge kipya, nikakaa mstari wa mbele.

Akaanza kufundisha maneno ambayo mwokoaji hamwambii mfiwa. Akasema kulikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili, baba yake aligongwa na lori barabara ya Moshi. Siku ya msiba mama yake alimwambia: "Nyamaza. Wewe ndiye mkubwa, wadogo zako wanakuangalia." Msichana akanyamaza, akawagawia waombolezaji chai. Alikuja kulia miaka minane baadaye, yuko chuo cha uuguzi, eti kwa sababu kikombe kimevunjika.

Ukumbi mzima ukainamia madaftari.

Mwanaume mmoja wa zimamoto aliyekaa karibu nami akanong'ona, "Huyo mama naye, moyo wa jiwe."

"Ndiye mimi," nikamwambia. "Endelea kuandika, baba."

"Shikamoo, mama," akasema.

Siku ya tatu leo namezea hilo na halishuki. Na mimi je, nani aliniuliza? Mama mkwe alinifunga kanga kiunoni akasema wazee wa ukoo wanakuja, nisionekane nimelegea. Kesho yake baada ya mazishi nilikuwa mgombani, nakata majani ya ng'ombe. Hakuna aliyeniletea kiti na maji akakaa kimya kando yangu, kama wanavyofundishana kule ukumbini huku wanakula sambusa.

Nimelea wanne kwa mikono hii. Halafu leo mimi ndiye somo.

Jioni ile Aneth alinitumia ujumbe: "Mama, sikutaja jina." Kweli hakutaja.

Lakini humu kundini, kwa kuwa Aneth hayumo, sidanganyi. Siku ile ya msiba nilimwona mwanangu ameshika birika, midomo imemkauka, macho hayapepesi. Nilimwona vizuri kabisa. Nikashukuru kwamba huyu angalau hanisumbui.

Hilo hata yeye halijui.

Sherehe ya shukrani niliyomwandalia kwa kufaulu kwake iko palepale, ndizi zipo, mbuzi yupo. Aneth nimemwambia aje Ijumaa hii, peke yake, kabla ya watu, nimweleze nilichokiona. Sijui atanitazamaje. Ninyi wengine wote, majirani, wanakwaya, pamoja na wale mliosema mtoto wa mjane hafiki popote, ni Jumamosi, saa saba mchana.