Maji ya Alhamisi

Jumatatu, 7 Julai. Kakuma

Siku ya maigizo shule ya kambi ya wakimbizi. Darasa limejaa hadi madirishani, joto la kupasua kichwa, na mimi nimevaa kizibao cha reflekta cha dereva wangu Wainaina, faili tupu mkononi – ofisa wa maji! Ndiyo kazi yangu hii. Naingia mchezoni pamoja na watoto. Wao ni wanakijiji, mimi mkubwa wa ofisi, na hakuna anayekaa kutazama tu. Nikakohoa kama wakubwa wanavyokohoa. Kabla sijafungua mdomo Nyawech, wa darasa la tano, akasimama. Wewe ni wa shirika gani? Beji yako iko wapi? Ulisema utakuja juzi, mbona unakuja leo? Darasa zima kicheko. Nilitoka jasho la kweli. Watoto hawa wameona maofisa wengi kuliko mimi.

Tulifunga mchezo vizuri. Nikavua reflekta, tukapiga miguu chini pamoja, kila mtu akataja jina lake halisi kwa sauti. Mimi ni Atiir! Basi, ofisa ameisha. Bila hivyo siondoki shuleni, hiyo ni sheria yangu mwenyewe.

Nyawech nimemchagua kwa onyesho la Jumamosi mjini Lodwar. Atacheza ofisa. Sasa namtaka mtoto wa upande wetu, Mturkana, wa kumkabili, na hadi nimpate sitatulia, najijua.

Jumanne, 8 Julai

Shule ndogo, ndani kidogo ya barabara ya Lorugum. Mchezo uleule, ila kwa Kiturkana. Watoto wakajenga kijiji kwa mawe uwanjani – maboma, zizi, njia ya kwenda laga, ule mto mkavu ambako mama zao huchimba mchanga alfajiri kutafuta maji.

Kisha – Akidor! Mwalimu mkuu alikuwa ameninong'oneza kwamba msichana yule huwa haongei. Tangu aanze shule ni kichwa tu, ndiyo na hapana. Leo akayavuka mawe, akaja mpaka mbele yangu, akauliza: Lini? Neno moja. Mwalimu mkuu ameshika mdomo. Na mimi kwa furaha nikajiachia, nikatoa ile sauti ya ofisini: Alhamisi! Maji yatafika Alhamisi asubuhi, hapahapa shuleni, kila mama aje na mtungi wake! Akauliza tena, kweli? Nikasema kweli kabisa. Mungu wangu, niliigiza vizuri.

Hapo upepo ukaja. Vumbi likafunika kila kitu, watoto wakatimka makwao, sisi mbio garini. Wainaina, ambaye ni mpiga ngoma wangu pia, akasema: Madam, hatujafunga mchezo. Nikamwambia si tunarudi Alhamisi? Tutafunga siku hiyo. Nimempata Akidor!

Jumatano, 9 Julai. Lodwar

Mbio kutwa. Jukwaa. Vitambaa. Gari la kuwaleta watoto wa Kakuma, na ruhusa zao za kutoka kambini – zimepatikana, ahsante Mungu. Chakula cha mchana nimekisahau mezani. Kila nikikaa, maneno ya Wainaina yanarudi: hatujafunga. Nayafukuza. Watoto wanajua mchezo ni mchezo. Nyawech si alijua?

Alhamisi, 10 Julai

Tulipokata kona ya shule nikaona njano tupu uwanjani. Mitungi ya plastiki! Foleni hadi kwenye vyoo, kina mama wamekaa chini, wachanga mgongoni. Wainaina akapunguza mwendo, akakaza macho mbele. Afadhali angenitukana.

Mbele kabisa Akidor na nyanya yake, Namuria. Mama mzee akainuka akanipa mkono, akanisalimu. Ejok, ofisa. Wamengoja tangu kupambazuke. Leo hawakwenda laga hata mmoja, na mashimo yao sasa yana watu wengine; ukiliacha shimo siku moja, si lako tena. Akaniambia: huyu mjukuu wangu haongei. Juzi alirudi nyumbani anaongea, nikajua basi jambo hili ni la kweli. Nikapita boma kwa boma kuwaambia watu.

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikasema yote, kwa Kiturkana, waziwazi. Mimi si ofisa. Mimi ni Atiir, mtoto wa hapahapa Lodwar, ule ulikuwa mchezo. Nikawaita watoto tupige miguu. Walipiga, ovyoovyo. Akidor hakupiga. Namuria akangoja mpaka tukamaliza, akasema: Nyinyi mlikuwa mnacheza. Mimi sikuwa kwenye mchezo. Halafu akamgeukia mtoto – kumbe umenidanganya? Nikapiga kelele, hapana mama, niliyesema ni mimi, yeye amewaletea alichosikia tu! Hakunitazama. Mwanamke mmoja nyuma akacheka, ati bubu amejifunza kuongea ili aseme uongo. Akidor akainamisha kichwa. Nikamuuliza jambo, akajibu kwa kichwa.

Hapo sikufikiri tena. Wainaina, geuza gari! Mbio hadi mjini, tukaazima mapipa, tukajaza, tukarudi. Njiani aliniambia kitu kimoja tu: Madam, tukipeleka haya maji, sasa wewe ni ofisa kweli. Nikamwambia aendeshe.

Maji yametosha mtungi mmoja kila boma. Vigelegele! Namuria amemshika Akidor kichwani mbele ya watu wote, akasema mjukuu wake hasemi uongo. Nimelia, sioni haya. Nikadhani yamekwisha.

Ndipo Akidor akaja kwangu, peke yake, akipita katikati ya wanawake. Ofisa, akasema – kwa sauti, wote wakasikia – na kesho saa ngapi?

Kina mama wote wamegeuka kunitazama. Wanangoja. Nikasema ngoja niangalie ratiba, nikaingia garini, na daftari hili ndilo ratiba ninayoiangalia, naandika upuuzi. Nikisema kesho hakuna, nyanya yake atasema nini, na yeye ataongea tena lini? Nikisema kesho ipo, mashimo ya laga yatakwenda yote. Na mapipa ni ya watu! Wainaina ameegemea boneti, hanisaidii. Akidor amesogea mpaka dirishani. Anauliza tena. Ana sauti, jamani, inafika hadi kwa mtu wa mwisho kabisa, na hakuna aliyemfundisha –