Kabichi Aliyoipika Mihayo

Maganzo,
8 Septemba 2024

Mwanangu Mihayo,

Salamu nakupa, maana mama yangu hakunifundisha kuruka salamu hata nikiwa na hasira. Hujambo? Mkeo na mimba yake wanaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Simu nimeizima makusudi. Haya nataka uyasome, usinikatize katikati.

Nimesafiri kutoka Shinyanga mpaka huko Katoro na kilo tatu za nyama ya nguruwe wangu mwenyewe, niliyemchinjisha alfajiri kwa ajili yako. Nafika, namkabidhi mkeo ndoo. Shikamoo mama, asante mama, kisha anaiweka chini kama ina nyoka. Halafu wewe, mtoto wa Jilala, unatoka na karai, unawasha jiko uani, unakata nyama vipande vidogo vidogo, unatwanga tangawizi na kitunguu saumu, unageuza kwa mwiko! Mkeo kakaa kwenye kiti anakutazama! Mara karoti, mara kabichi, moto unawaka, na wewe unapiga mluzi.

Kwetu mwanaume mwenye mke hashiki mwiko mama yake akiona. Ni kumwambia mama, ulinizaa bure. Majirani walichungulia juu ya ukuta, niliwaona. Ndiyo maana niliondoka asubuhi bila kuaga. Na kwenye uzazi wa mkeo sitakuja. Atafute mwingine wa kumkanda.

Mama yako

Katoro,
17 Septemba 2024

Mayu,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Zuleha miguu imevimba. Barua nimeipata kwa kondakta. Na mimi nina hasira, kwa hiyo leo tutasomana.

Ulijua, Mama. Zuleha ni Mwislamu, ulijua tangu siku tuliyofunga ndoa bomani, na ulikaa kiti cha mbele. Tulikubaliana yeye na dini yake, mimi na yangu, na nguruwe asiingie kwenye sufuria zake. Miaka miwili sijaipika nyama hiyo hapa. Ukaja nayo ndoo nzima ukampa yeye mkononi! Ulitaka nini? Akikataa umwite jeuri, akipika uwe umemshinda?

Ningeitupa, ungesema nimetupa baraka zako. Nikaazima karai kwa jirani yetu Asteria, nikapika nje. Na uliila, Mama. Sahani uliifuta kwa ugali.

Miaka minne nilikuwa kwenye maduara ya dhahabu ya Nyarugusu, wanaume watupu, tunashuka shimoni kwa zamu na kupika kwa zamu. Ulidhani nani alikuwa ananisongea ugali?

Zuleha mama yake alishafariki. Dada zake hawamsemeshi, kisa mimi. Mtoto anatarajiwa mwanzoni mwa Novemba na hatuna mtu mwingine. Una ugomvi na mimi, nichape mimi.

Mwanao

Maganzo,
22 Septemba 2024

Mihayo,

Marahaba. Mpe mkeo pole ya miguu.

Ndiyo, nilijua. Nilitaka kuona nani ana sauti katika nyumba ile, na nimeona. Baba yako Jilala, Mungu amlaze pema, hakuwahi hata kupuliza moto, na hakuna aliyemwona si mwanaume. Usiniandikie tena.

Mama yako

Katoro,
20 Oktoba 2024

Mayu,

Shikamoo. Umesema nisiandike, naandika. Simu yako bado haipatikani. Natumaini mgongo wako haukusumbui.

Zuleha amelazwa siku tatu. Presha imepanda, daktari anasema anaweza kujifungua mapema. Nimeacha kazi ya shimo kwa sasa. Nafua, napika, nadeki, na wanaocheka wacheke mpaka wachoke.

Msamaha wa kushika mwiko sitauomba, leo wala kesho. Ninachoomba ni uje. Usipokuja, mwanangu akikua nitamwambia ukweli, kwamba bibi yake alimkataa kabla hajazaliwa kwa sababu baba yake alipika kabichi.

Mwanao

Maganzo,
25 Oktoba 2024

Mwanangu Mihayo,

Marahaba. Zuleha anaendeleaje? Chumvi apunguziwe. Barua yako niliisoma nikaitupa chini, nikaiokota nikaisoma tena.

Nilikudanganya. Sikuondoka kwa aibu ya majirani.

Kabla yako nilizaa msichana, jina lake Mbuke. Wewe hukuambiwa. Ilikuwa masika, mto umejaa, mama yangu akashindwa kuvuka. Homa ikanishika, siku nne sikuweza kuinuka. Unga ulikuwepo. Kuni zilikuwepo. Mboga zilikuwa nyuma ya nyumba. Baba yako alikaa mlangoni analia, kweli analia, akisubiri mwanamke apite aje kutupikia. Hata uji hakunipikia. Maziwa yakakauka, na siku ya tano mtoto akafa. Watu wakasema Mungu kampenda zaidi. Na mimi nimesema hivyo hivyo miaka thelathini na mmoja.

Halafu nakuona wewe. Umekata, umekaanga, umepakua, hata kiti changu hakijapata joto. Kumbe inawezekana! Kumbe mkono wa mwanaume haukatiki! Nilikuchukia palepale, Mungu anisamehe, kwa sababu baba yako nilimsamehe nikiamini hakuweza. Aliweza, Mihayo. Ameshakufa, na hasira hii sina pa kuipeleka, nikakuletea wewe na mkeo.

Ile ndoo ilikuwa ubaya wangu. Nitamwambia Zuleha mwenyewe, uso kwa uso.

Nakuja na basi la Jumatatu. Usije stendi kunipokea, njia naijua. Usimwache peke yake hata nusu saa.

Mama yako,
Mama Mbuke