Kwao Roselida

Malaba,
11 Februari 1996

Mwanangu Amuron,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Tuko wazima, isipokuwa goti langu, ambalo likiona wingu tu linaanza kulalamika. Je, huko Kigali bado mnalaza wagonjwa wawili kitanda kimoja? Unakula? Mama yako ameitazama ile picha uliyotuma akasema shingo yako imekuwa ya korongo. Barua hii namkabidhi dereva wa lori la saruji. Ameahidi kukuletea hadi hospitali.

Huku habari kubwa ni wilaya mpya. Kila mtu anasema Wateso tutapewa wilaya yetu, na wazee wa ukoo wameunda kamati ya kujiandaa. Mdogo wangu Emojong ndiye mwenyekiti, na mimi nimo. Kazi yetu ni kuzunguka na kuonyesha boma lipi ni la mwenyeji na lipi ni la mgeni, ili siku ikifika kusiwe na fujo. Wamenitaka kwa sababu nilifanya kazi ya reli miaka mingi na watu wa kila kabila. Wanasema nitatuliza mambo.

Lakini Mukhwana, jirani yetu Mluhya anayesaga unga kwa mashine ya posho, ameacha kunisalimu. Na mama yako naye kanuna. Juzi aliniwekea chakula mezani akarudi jikoni. Nikamwita, "Roselida, kuna nini?" Akajibu akiwa huko huko: "Mimi ni mwenyeji au ni mgeni?"

Nikacheka. Mluhya wa Butula akiolewa na Mteso huwa Mteso, hata mtoto anajua hilo. Na nyumba hii tangu mwanzo ina makabila mawili na lugha moja, ndiyo maana hata barua tunaandikiana Kiswahili. Lakini yeye hakucheka.

Muombe Mungu mvua ije mapema. Usisahau kula.

Baba yako,
Ochom

*

Kigali,
3 Machi 1996

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na Mama amezungumza. Mimi nina afya, nakula, shingo ni ile ile mliyonizaa nayo. Vitanda bado havitoshi.

Baba, Jumapili iliyopita wauguzi wenzangu walinipeleka kwenye kanisa moja, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa. Walisema ni mahali pa kumbukumbu. Nilidhani nitaona makaburi na msalaba, niweke maua, nirudi.

Hawajazika. Kanisa wameliacha kama lilivyokuwa, ili asije mtu kesho akasema mauaji hayakutokea. Ukisimama mlangoni unaona viti vya ibada, na katikati ya viti ni watu. Mifupa, nguo, mifupa. Nguo zimeshikana na sakafu. Kuna masufuria, kuna godoro, kuna kiatu cha mtoto ambacho ningeweza kukivaa kidoleni. Walikuja na vyombo vyao kwa sababu walidhani watajificha siku chache kisha warudi nyumbani. Mmoja alikuwa na mahindi ya mbegu, ameyafunga kwenye kitambaa mafundo mawili. Baba, mtu aliyebeba mbegu alitarajia kupanda.

Mimi ni muuguzi. Nimefunga macho ya maiti kwa vidole hivi. Pale nilitoka nje nikatapika kwenye nyasi.

Mwangalizi wa pale ni mzee Tharcisse. Aliniletea maji. Aliponisikia nikisema asante, akanijibu kwa Kiswahili. Alikuwa dereva wa malori ya Mombasa. "Malaba naijua," akasema. "Nimelala pale mara nyingi nikingoja karatasi." Mke wake na wanawe wamo ndani ya lile kanisa. Hajui ni wepi. Nilimuuliza anawezaje kufagia pale kila asubuhi. Akasema, "Nikiacha kufagia, watakuwa wameshinda."

Halafu nikamuuliza ilianzaje. Nilitegemea aniambie habari za bunduki na redio. Akasema, "Kwetu hapa ilianza na jirani yangu, tuliyekuwa tukinywa naye pombe chungu kimoja. Alikuwa mtu mzuri. Walimwambia kazi yake ni kuonyesha nyumba tu, nani anakaa wapi. Hakuambiwa kuua. Mke wake alikuwa wa upande wetu, na jirani alijua mkewe atabaki salama kwa sababu ni wake." Akageuka kulitazama kanisa. "Mke huyo pia yumo humo ndani."

Kisha akaniuliza, "Kwenu mko salama?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa na barua yako mfukoni, Baba.

Nilitegemea huzuni. Kilichonijia ni hasira, na mpaka leo haijatoka. Toka kwenye hiyo kamati. Sikuombi kama mtoto anavyoomba. Nakwambia.

Binti yako,
Amuron

*

Malaba,
22 Machi 1996

Amuron,

Salamu. Tuko wazima.

Barua yako nimeisoma, na niliyoyaona humo yamenisikitisha. Mungu awapumzishe watu wale. Lakini mimi ndiye nimekuzaa, na sijafikia kuambiwa na binti yangu "nakwambia". Kigali ni Kigali na Malaba ni Malaba. Hapa hakuna mtu ameshika panga. Tunachozungumza ni mipaka, tena kwa utaratibu, na chai inanyweka. Wewe umekaa huko na watu waliofikwa na makubwa, sasa kila kijiti unakiona nyoka. Hata kama yupo, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nikijitoa, nani atawatuliza vijana? Emojong?

Barua yako sijamwonyesha mama yako. Usimwandikie mambo hayo.

Baba yako,
Ochom

*

Kigali,
9 Aprili 1996

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Goti?

Juzi tumeadhimisha miaka miwili tangu mauaji yale. Nilirudi kanisani na wauguzi wale wale, na safari hii niliingia mpaka mbele, mahali padri anaposimama. Sikutapika. Tharcisse alisimama mlangoni akataja majina ya watu wake kwa sauti ya juu, na wengine wakataja ya watu wao, yakapishana mpaka ukashindwa kusikia hata moja. Walikuwa kama watu wanaogombana na mtu aliyewaambia wanyamaze. Nami nikajikuta napiga kelele. Unajua nilitaja jina gani? Roselida. Mtu wangu yu hai, Baba, lakini ndilo jina lililonitoka.

Sasa nijibu, maana umenijibu mengi isipokuwa hili. Siku kamati yenu itakapofika kwenye boma lako, utawaonyesha nini? Mlango wa mbele ni wa mwenyeji, na jiko ni la mgeni? Mimi ni wa mlango gani?

Unasema hakuna aliyeshika panga. Jirani wa Tharcisse naye hakushika. Alinyoosha kidole tu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, ni kweli. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliye karibu naye. Kama nimekukosea adabu, nitapiga magoti nikija. Lakini maneno sirudishi hata moja.

Binti yako, na wa Roselida,
Amuron

*

Kigali,
20 Mei 1996

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Dereva mmoja amefika hapa akasema wiki aliyopita huko barabara ya Malaba ilifungwa kwa mawe na moshi ulionekana upande wa kwetu. Hakujua zaidi. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Andika neno moja tu. Mama yuko wapi?

Amuron

*

Malaba,
16 Juni 1996

Mwanangu Amuron,

Salamu kutoka kwangu, kutoka kwa mama yako, na kutoka kwa Mukhwana, ambaye amekaa hapa kando yangu akinywa chai yangu. Wote tu hai. Nimeanza na hilo ili upumue. Nina mshono juu ya jicho, nilishonwa hospitali ya Kocholia, na nyuzi zimeshatoka. Kama ningekuandikia mapema ungeacha kazi ukaja, na sikutaka uwe njiani siku zile.

Barua yako ya Aprili ilinikasirisha mpaka nikaikunja nikaificha ghalani, chini ya gunia. Nilipokuwa naichomeka nikagusa kitu laini. Furushi. Nguo za mama yako, zimefungwa vizuri, na viatu vyake vya kanisani juu.

Nikaenda nalo jikoni. "Roselida, unaenda wapi?"

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Nangoja uniambie wewe. Si wewe ndiwe uko kwenye kamati?"

Mwanangu, nimeishi na mwanamke huyu tangu nikiwa kijana wa kubeba taa stesheni. Amezika watoto wetu wawili kwenye shamba hili. Na alikuwa ananiogopa mimi. Si Emojong, si vijana. Mimi. Nilikaa chini pale jikoni kwa majivu nikamsomea barua zako zote mbili, ya kanisa na ya majina. Nilipofika mahali ulipotaja jina lake alisimama akatoka nje, na nikamsikia analia kule nyuma kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipomzika wa pili.

Kikao kilichofuata nilikwenda. Wazee wamezunguka chungu cha pombe ya ajono, kila mtu na mrija wake. Emojong akaniambia, "Ochom, upande wa mashine ya posho ni wako. Kesho utawaonyesha vijana."

Nikasema, "Nitawaonyesha bila kuondoka hapa. Boma la kwanza la mgeni ni langu. Mke wangu ni wa Butula. Binti yangu ana damu ya Butula. Anzeni na mimi."

Wakacheka, wakadhani ni pombe. Emojong akasema, "Shemeji si mgeni. Huyo ni wetu."

"Leo ni wenu," nikasema. "Kuna mtu Rwanda alisema hivyo hivyo, na mkewe mpaka leo yuko sakafuni kanisani, na nguo zake."

Hapo hakuna aliyecheka. Mmoja akasema nimerogwa na Mluhya. Nikang'oa mrija wangu kwenye chungu, nikauvunja mbele yao, nikaenda zangu. Najua unaelewa maana yake. Siwezi tena kunywa na ukoo wangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mukhwana. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwizi. Nikamwambia nimetoka kwenye kamati, akasema, "Umechelewa, mzee. Nimeshauza ng'ombe, kesho tunahama." Nikamwambia, "Ukihama watasema ilikuwa rahisi, na kesho kutwa watamfuata mwingine. Lala kwangu na watoto wako. Wakija watukute wote." Mkewe ndiye aliyekubali kwanza.

Walikuja mchana, jua likiwa juu. Vijana kumi, labda zaidi, wenye mapanga na marungu. Walipita kwanza kwenye mashine ya posho wakaitia moto. Huo ndio moshi alioona dereva wako. Mimi na Mukhwana tulikuwa langoni. Kijana wa mbele akasema, "Mzee, toka kando. Na huyo mama wa Butula arudi kwao."

Nikasema, "Kwao ni hapa."

Jiwe likaja. Sikuliona, niliona damu tu. Na kabla sijaanguka vizuri, mama yako alishapita juu yangu. Alitoka jikoni mikono ina unga. Hakushika kitu. Akaanza kusema nao kwa Kiteso, hicho Kiteso chake ambacho wewe na mimi humcheka, akimtaja kila mmoja kwa jina la mama yake. "Wewe, mwana wa Akello, mama yako alipolazwa Kocholia ni ziwa hili ulinyonya. Haya, njoo ulikate. Wewe wa nyuma, usijifiche, sare yako ya darasa la kwanza nani alishona? Mnataka niende kwetu? Nionyesheni njia. Nani atanyoosha kidole? Nyoosha!"

Hakuna aliyenyoosha. Sitakudanganya kwamba walitubu. Walitukana, wakapiga paa kwa mawe, na wakiondoka wakafyeka muhogo wote wa upande wa barabara. Lakini waliondoka, na hawajarudi.

Sasa mambo yako hivi. Emojong haniamkii. Kanisani tukikaa benchi moja, watu huhamia lingine. Mashine ya Mukhwana ni chuma cheusi, na anaijenga upya pale pale, mimi namchanganyia udongo, goti au si goti. Familia tatu za upande ule zilikwisha kuhama kabla, na hilo linaniuma, kwa sababu mojawapo niliionyesha mimi mwanzoni, nilipokuwa bado nakunywa chai ya kamati. Nimemtuma mtu Bungoma kuwatafuta. Wasipotaka kunisikiliza wana haki, lakini nitawaendea mwenyewe.

Wilaya ije. Siipingi. Nitaishi ndani yake na mke wangu.

Najua utatuambia tuje huko kwako, au twende Butula mpaka mambo yatulie. Usituambie. Yule Tharcisse wako mwambie Malaba kuna mzee anayemsalimu, na kwamba siku akipita hapa hatalala tena kwenye lori.

Kesho ni siku ya soko. Mama yako hajakwenda tangu siku ile, lakini leo ameagiza omena kutoka Busia na sasa hivi anazipepeta uani. Wanawake wamemtumia ujumbe kwamba mahali pake pamechukuliwa. Amewajibu kwamba atakwenda apakalie pamoja na huyo aliyepachukua. Mimi nitabeba gunia. Sijawahi kumbebea mke wangu mzigo mbele za watu, na wenzangu wote watakuwa pale wakitazama. Watazame.

Baba yako,
Ochom, mume wa Roselida