Bastola Inayokubali Mkono Wangu

Jumatatu, 5 Oktoba 2009

Maji ya moto kwenye beseni, vidole ndani mpaka vilegee, kisha kazini. Vichwa viwili leo. Twende kilioni asubuhi, rasta ndogondogo mchana. Ile ya pili nimeimaliza kwa meno, karibu. Miaka ishirini ya kusuka hapa Ixelles, kwa Wabelgiji, imenila mikono. Ncha za vidole bado zina akili, lakini ngumi haifungiki.

Idris alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi kinachotazama saluni na nyumba yangu pia. Mabasi yakaja yakapita, hakupanda hata moja. Ni mume wa binti yangu Zuhura, au alikuwa. Tangu mwezi wa sita Zuhura anaishi kwangu na Salma, mjukuu wangu wa miaka mitano, kwa sababu huyu mtu alimkaba koo mpaka akazimia.

Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kunitazama usoni. Kwetu mkwe huinamisha macho, na yeye alilelewa vizuri, sitamnyima hilo. Leo amenitazama. Hakupepesa. Nimeogopa.

Jumanne, 6 Oktoba

Ameacha ujumbe kwenye simu ya Zuhura. Atatumaliza wote watatu. Sauti ya taratibu kabisa, kama mtu anayeagiza chai.

Polisi wameandika maelezo. Wapole. Akija tupige simu, watafika. Nimefanya mazoezi ya kubonyeza namba zao haraka. Kidole gumba kimekataa. Mara nimekosea, mara simu imeanguka chini.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimeamua. Nataka bastola. Ndogo, ya kuficha, niwe nayo saluni, njiani, nyumbani.

Nimemwambia Maman Béa, mwenye saluni. Mtu wa Lubumbashi, hajui kunong'ona. "Bon, maman Zuhura, unataka bastola. Na nani atakukamatia? Juu mikono yako haiweze hata kufungula mayonnaise!" Wateja wakacheka. Nikacheka nao. Nimekasirika mpaka sasa.

Alhamisi, 8 Oktoba

Duka la silaha. Mwenyewe Mbelgiji mzee, alifanya kazi ya migodi Katanga ujanani. Aliposikia lafudhi yangu akaacha Kifaransa, akaanza Kiswahili cha huko. Nilitaka kumkumbatia.

Nikaonyesha ile ndogo kuliko zote. Nilidhani udogo ni wepesi. Sivyo kabisa. Ili kukoki unaivuta ile sehemu ya juu irudi nyuma. Nimevuta, nimevuta tena, haikusogea hata unywele. "Ile kidogo njo nguvu, mama," akasema, akinionyesha springi ya ndani. "Ressort yake iko fupi, donc iko mukali." Tena ndogo hurusha mkono zaidi ikilia, maana haina uzito wa kulimeza lile teke.

Akanionyesha kushika kwa nguvu mkono wa kushoto, kisha kuisukuma bastola mbele kwa mkono wa kulia, badala ya kuvuta. Ikasogea nusu. Machozi yakanitoka kwa maumivu.

Akaleta revolva. Hii haikokiwi, unafyatua tu. Lakini kifyatulio ni kizito, tena kinavutwa mbali. Niliweka vidole viwili. Mdomo wa silaha ukainamia sakafuni kabla haijalia tiki. "Na ile utapiga muguu yako, mama."

Ya tatu ni nyingine kabisa. Unabonyeza kitufe, mtutu unainuka wenyewe kwa nyuma, unatia risasi moja kwa ncha za vidole, unaushusha. Hakuna kuvuta. Risasi zake ndogo, hazirushi sana. Ncha za vidole! Mimi nimeishi kwa ncha za vidole. Hakuwa nayo ya kuuza, hiyo ilikuwa yake, ya kizamani.

Kisha karatasi. Kibali cha kuwa nayo, mtihani, cheti cha daktari, miezi. Kubeba kwa kuficha ni kibali kingine, na karibu hakuna anayepewa. Alisema haya akiutazama mkono wangu kwenye kaunta. Akausogeza kwangu polepole, kama kitu nilichosahau.

Jumatatu, 12 Oktoba

Daktari amenipa vidole vyake viwili nivibane. Nikabana kwa nguvu zangu zote. Akauliza kama nimeanza.

Hawezi kuandika kwamba mikono hii inashika silaha bila hatari. Nilimjibu vibaya. Hatari gani, na yule aliyesimama kituoni je? Akafunga faili langu. Hana kosa, lakini leo nimemchukia.

Alhamisi, 15 Oktoba

Idris yupo kituoni tena. Kwetu wanasema dawa ya moto ni moto. Mteja mmoja, nikiwa katikati ya kichwa chake, amenambia kwa sauti ndogo kwamba binamu yake anamjua mtu. Anauza bila karatasi.

Nimemaliza kile kichwa vibaya. Mistari imepinda. Hakulalamika.

Jumapili, 18 Oktoba

Soko la Jumapili, pale stesheni ya Gare du Midi. Nimenunua nanaa na zeituni ili niwe na sababu ya kuwa pale. Mtu mwenyewe alikuwa ndani ya gari, kijana wa adabu, ananiita tante, yaani shangazi. Sitaandika jina lake.

Nilimweleza kama mwalimu: si ya kuvuta, ni ya kuinuka mtutu. Alishangaa. Alikuwa nayo, ndogo kama kiganja cha mtoto. Nikabonyeza. Ikainuka! Nikashusha, nikabonyeza tena. Nimecheka peke yangu kwenye gari la mhalifu, Mungu anisamehe. Tangu mwezi wa sita sijacheka hivyo.

Kanipa nikae nayo siku chache niizoee. Risasi ataleta Jumatano. Nimemwachia bangili zangu za harusi kama dhamana.

Jumatatu, 19 Oktoba

Wapi pa kuificha? Pindo la khanga chini ya koti: inaning'inia, inagonga paja. Kwenye sidiria: upuuzi. Basi mkobani, chini ya vitana.

Zuhura hajui. Nimetembea barabara ya Chaussée d'Ixelles nikiwa na mgongo ulionyooka. Nilipompita Idris kituoni sikuharakisha. Nilijisikia mkubwa.

Jumanne, 20 Oktoba

Nitaandika yote, kama yalivyokuwa.

Nimemchukua Salma shuleni. Tumefika mlangoni, funguo zimo mkobani. Zipu ya mkoba ni ngumu. Tangu wahamie kwangu, Salma ndiye anayenifungulia kila kitu. Vifungo vya koti, chupa, sabuni, mkoba. Ndiyo kazi yake, anajivunia. Nikasema kama ninavyosema kila siku: Salma, mfungulie bibi. Mdomo ulisema wenyewe.

Mkono wake ulizama mkobani kabla akili yangu haijafika. Ukatoka na bastola. Alidhani nimemletea zawadi. Kidole chake kikakipata kile kitufe mara moja, mtutu ukainuka, akaweka jicho kwenye tundu.

"Bibi, inafunguka rahisi."

Haikuwa na risasi. Leo. Kesho ingekuwa nazo.

Nimekaa kwenye ngazi. Jirani wa juu amepita, ameniuliza kama naumwa. Nilizunguka maduka, madaktari na masoko nikitafuta chuma ambacho mkono dhaifu unakiweza. Nikakipata. Na nyumbani kwangu kuna mtu mwingine mwenye mkono dhaifu.

Jumatano, 21 Oktoba

Nimeirudisha. Kijana hakukasirika, alisema tante amefikiri vizuri. Bangili zimerudi, moja haipo. Sikuuliza.

Nimemweleza Zuhura yote. Hakupiga kelele. Alimshika Salma mikono, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha alinitukana kwa mara ya kwanza maishani mwake, nami nikapokea, maana ilikuwa haki yake.

Alipomaliza, nikamwambia nilichokiona nikiwa kwenye ngazi. Idris hasimami kituoni kwa ajili yangu. Ananifuatilia mimi ili ajue wao wapo. Basi waondoke wao, nibaki mimi. Akiniona kila siku, atadhani bado tupo watatu. Zuhura amekataa. Mpaka tumelala amekataa.

Ijumaa, 23 Oktoba

Amekubali. Ndugu wa upande wa marehemu baba yake atawapokea. Sitaandika ni mji gani, hata hapa.

Jumapili, 25 Oktoba

Tumeondoka asubuhi na vikapu, kama watu wa sokoni. Gare du Midi siku ya soko mtu hamwoni mwenzake. Nguo zao zilikuwa chini ya vikapu, juu tumeweka vitunguu.

Salma alitaka kujua kwa nini mimi sipandi. Nikamwambia Maman Béa hawezi kusuka. Hakuamini, lakini akakubali.

Zuhura alinishika mkono akasahau, akaubana kwa nguvu. Iliuma sana. Sikumwambia aache. Treni imeondoka, nami nimerudi na vitunguu.

Jumatano, 28 Oktoba

Maziwa ya mtoto. Biskuti zenye picha ya dubu. Soksi za Salma kwenye kamba dirishani, ninaziloweka upya kila asubuhi. Saa ya shule natoka kama ninayemfuata Salma, nazunguka mtaa, narudi kwa mlango wa nyuma asinione peke yangu. Idris kituoni. Nilimwonyesha mfuko wa maziwa kana kwamba sikumwona.

Naishi na mtoto asiyekuwepo. Kazi kubwa kuliko yule aliyekuwepo.

Jumanne, 3 Novemba

Wamesikika kwenye simu. Salma amepata shule. Ana rafiki mwenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Zuhura anasema analala usingizi. Nimekata simu, nikalia jikoni, nikapika wali wa watu watatu.

Ijumaa, 6 Novemba

Ameingia saluni.

Nilikuwa na kichwa mkononi. Maman Béa alisimama mbele yake na mashine ya kukaushia nywele, ikiwa bado inanguruma. "Eh, tonton, toka. Huku ni mahali ya banamuke." Hakumsikia.

"Mama, wako wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo tayari, siku zote hizi nimeufanyia mazoezi. Nikachoka nao ghafla. "Wameondoka, Idris. Wamefika. Wapi, utaniua na sitasema."

Aliniangalia mikono. Sijui alitafuta nini. Ilikuwa imeshika nywele za watu, haikuwa na kitu kingine. Mteja mmoja alikuwa ameshapiga simu. Idris akatoka kabla polisi hawajafika, wakamkamata mtaa wa pili.

Nimemaliza kile kichwa. Mistari imenyooka.

Jumamosi, 7 Novemba

Mvua. Kazi hakuna. Polisi wamesema wataniarifu wakimwachia.

Nimefunga mlango kwa komeo, nikakaa upande wa dirisha, mikono kwenye maji ya moto. Nyumba kimya. Kituoni hakuna mtu, ila mama mmoja na mwavuli.

Bado naogopa. Lakini sasa naogopa kwa ajili ya mtu mmoja tu, na huyo ni mzee.